Fundi wa Jinja anauliza: Beit al-Ajaib lilisimamaje bila saruji, na mbona likaanguka?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi ujenzi, nakaa Walukuba, Jinja. Mwezi wa kwanza tulimsindikiza shemeji yangu kwenda kuoa Unguja, na siku moja kabla ya kurudi tukatembezwa Mji Mkongwe. Pale Forodhani kuna jumba kubwa limezungushiwa uzio, upande mmoja umeporomoka. Papasi aliyetutembeza akasema hilo ndilo Beit al-Ajaib, nyumba ya sultani, limekaa zaidi ya miaka 130 bila mfuko hata mmoja wa saruji, na milango yake ni mipana ili sultani apite juu ya tembo. Mimi nimejenga nyumba ishirini na kitu, zote za saruji, na moja imepasuka kabla mwenyewe hajahamia. Naomba unieleze: lilisimamaje? Mbona vyumba vya nyumba za kule ni vyembamba kama ushoroba, na wenyewe walikuwa matajiri? Na kama lilikuwa imara hivyo, mbona likaanguka? Je, naweza kujenga namna hiyo huku kwetu kando ya ziwa?"

Marahaba, fundi. Tuanze na tembo ili tumwache apumzike. Hadithi hiyo kila papasi anayo, na wageni wanaipenda. Mlango mpana wa mbele ya jumba la kifalme ni heshima ya anayeingia na hofu ya anayetazama, basi. Cha kuangalia kwenye milango ile ni nakshi na aya za Kurani zilizochongwa juu yake, kazi ya mikono iliyochukua muda mrefu kuliko wewe unavyochukua kupandisha nyumba nzima hadi kwenye linta.

Jumba lilijengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash bin Said, mahali ambapo zamani palikuwa na jumba la Mwana Fatuma, malkia wa Unguja wa karne ya 17. Barghash hakuwa mtu wa kukaa kimya. Mwaka 1859 alijaribu kumpindua kaka yake Majid, na dada yao Salme, msichana mdogo aliyejua kuandika, ndiye aliyekuwa akimwandikia barua za njama. Njama ikashindwa, Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay. Huko akaona mji wa bandari unavyojengwa: baraza pana, chuma, maji ya bomba. Alitawala kuanzia 1870 hadi 1888, na mwaka 1875 alikwenda hadi Uingereza. Aliporudi akavuta maji kutoka chemchemi za upande wa Bububu hadi mjini, akajenga jumba la Marhubi, kisha hili la Forodhani ambalo halikuwa hasa la kulala. Lilikuwa jumba la shughuli, la kupokea mabalozi na kuwaonyesha manahodha, kabla hawajatia nanga, kwamba hapa pana mwenye mji. Wakeze na jamaa walikaa kwenye majumba ya jirani, Beit al-Sahel na Beit al-Hukm, na yote matatu yaliunganishwa kwa njia za juu zilizofunikwa, mtu apite bila kukanyaga barabara. Makazi hasa ya sultani lilikuja kuwa baadaye, nitafika huko.

Fedha zilitoka wapi? Karafuu, ushuru wa forodha, na pembe za ndovu. Hapo ndipo na sisi tunaingia. Mfanyabiashara Mwarabu Ahmed bin Ibrahim alifika ikulu ya Kabaka Suuna, mfalme wa Buganda, mwaka 1844, na tangu hapo njia ya misafara kutoka pwani hadi Buganda haikufungwa tena. Nguo, shanga na bunduki zilipanda, pembe zikashuka. Kiswahili ninachokuandikia kilipanda kwa njia hiyohiyo, mgongoni mwa wapagazi. Kwa hiyo ulipokuwa umesimama Forodhani unapiga picha, fundi, ulikuwa unatazama pia tembo wa kwetu, ila si yule wa papasi.

Sasa kazi.

Papasi alikosea kidogo kuhusu saruji. Jumba lina mawe ya matumbawe, lina chokaa, lina boriti za mikoko kama nyumba zote za Mji Mkongwe. Lakini lina pia mihimili ya chuma na sakafu za zege la saruji, vitu vilivyokuwa vigeni kabisa pale mwaka 1883. Kuchanganya huko ndiko kulikolifanya kuwa la ajabu, na kwa maoni yangu ndiko kulikolifanya kuwa jumba lenye magonjwa mengi kuliko majirani zake.

Anza na boriti, kwa sababu ndiyo inayojibu swali lako la vyumba vyembamba. Boriti ni gogo la mti wa mikoko, mnyoofu, mzito, mgumu, na una tanini nyingi kiasi kwamba mchwa hawautaki. Zilikatwa deltani Rufiji na visiwa vya Lamu, zikasafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni ambako hakuna miti. Shida yake ni moja: boriti nzuri haivuki sana mita tatu kabla haijaanza kulegea katikati. Basi mjenzi wa pwani hachori chumba kwanza halafu akatafuta mbao. Anashika boriti, anajua chumba kitakuwa na upana gani, kisha anakirefusha apendavyo. Uwe tajiri wa karafuu au muuza samaki, upana ni uleule. Utajiri utauona kwenye urefu wa chumba, kwenye mashubaka ya ukutani yenye vyombo vya China, na kwenye mlango wa nje.

Juu ya boriti zinapangwa fito na vipande vya matumbawe, kisha zege la chokaa. Zege hilo halikumwagwa na kuachwa kama unavyofanya wewe na slabu. Lilipigwa. Watu walijipanga na virungu vya miti, wakaimba, wakalipiga kwa siku nyingi hadi likakaza na maji yakakosa njia. Wimbo haukuwa wa kujifurahisha tu. Ulikuwa ndio saa ya kazi, kila pigo lianguke pamoja, uso ukae sawa.

Barghash alitaka kuvunja sheria ya boriti. Alitaka kumbi, dari za juu sana, na baraza pana zinazozunguka jumba ghorofa juu ya ghorofa. Boriti isingeweza. Ndipo zikaja nguzo za chuma cha kusubu, kile kinachoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, zikafika kwa meli zikiwa tayari na kusimamishwa nje ya kuta. Ziangalie tena kwenye picha ulizopiga: ni nyembamba mno kwa kazi zinazofanya. Chuma cha kusubu kinabeba mzigo unaoshuka wima vizuri kuliko jiwe, ndiyo maana baraza zile zinaonekana kama zimetundikwa hewani. Ndani kuna ua mkubwa uliofunikwa, umezungukwa na roshani, na sakafu za marumaru na mapambo ya fedha yaliyoagizwa Ulaya. Wakaweka umeme, wa kwanza Zanzibar, na lifti, inayotajwa kuwa ya kwanza Afrika Mashariki. Watu wakaliita Beit al-Ajaib, nyumba ya maajabu, na nadhani hata mimi ningeliita hivyo.

Baraza zile hazikuwa urembo pia. Kuta za matumbawe ni nene na hupata joto polepole, ilimradi jua lisizipige moja kwa moja. Baraza ndiyo kofia ya ukuta. Inazuia jua, inazuia mvua ya upepo, na inaacha kaskazi na kusi vipite vyumbani kulingana na majira. Waingereza walipojenga Entebbe baadaye, wao nao walizungushia nyumba baraza kwa sababu hiyohiyo, na ukikaa kwenye baraza moja ya zile jioni, upepo wa ziwa ukiingia, utaelewa bila mimi kukuchorea.

Chokaa sasa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu wewe ni fundi.

Unachukua jiwe la chokaa, pwani wanatumia matumbawe, unalichoma tanuuni hadi kama digrii 900. Jiwe linatoa hewa ya ukaa na kubaki jepesi. Unalitia majini: linachemka, linatoa mvuke, linapasuka kuwa uji mweupe. Huo ndio chokaa kilichozimwa. Ukikichanganya na mchanga na kujengea, kinaanza kuvuta tena ileile hewa ya ukaa iliyotolewa tanuuni, na polepole kinarudi kuwa jiwe. Polepole kweli. Uso unakauka kwa wiki, lakini katikati ya ukuta mnene inaweza kuchukua miaka. Kwa fundi anayelipwa kwa siku hiyo ni hasara. Kwa nyumba ni faida, kwa sababu miaka ile nyumba inapojikalia kwenye msingi wake, chokaa bado ni laini, kinakubali kusogea bila kupasuka. Na ufa mdogo ukitokea, maji ya mvua yanayeyusha chokaa kidogo na kukiacha tena ndani ya ufa. Saruji haina subira hiyo. Inashika kesho asubuhi, na msingi ukishuka nusu inchi mwezi wa tatu, inapasuka. Huenda ndiyo habari ya ile nyumba yako iliyopasuka kabla mwenyewe hajahamia, ingawa ningependa kuuona huo udongo kabla sijakulaumu.

La pili, chokaa kinapumua. Unyevu ukiingia ukutani, unatoka. Nimejifunza hili kwa aibu. Miaka ile nikiwa bado kijana nilipewa duka la zamani la Kihindi hapohapo kwenu Jinja, barabara kuu, la matofali laini yaliyoshikwa kwa udongo na chokaa. Lipu yake ya zamani ilikuwa inamomonyoka, nami nikaona hii ni kazi rahisi: nikaibandua yote, nikapiga lipu ya saruji nzito, ukuta ukang'aa kama sahani. Misimu miwili ya mvua haikupita. Lipu ilianza kutoa mlio mtupu ukiigonga kwa kifundo cha kidole, kisha ikaanguka kwa mapande makubwa, kila pande limeng'ang'ania nusu inchi ya tofali. Maji yalikuwa yakipanda kutoka ardhini, yakakuta mlango umefungwa, yakabaki ndani kulainisha matofali. Mwenye duka alinilipa nusu, na ilikuwa haki yake.

Pwani ni mbaya zaidi kwa sababu ya chumvi. Iko kwenye upepo, iko kwenye matumbawe yenyewe, na mara nyingi iko kwenye mchanga. Chumvi ikibeba unyevu hadi nyuma ya lipu ya saruji, inakauka pale, inaunda fuwele, na fuwele zinasukuma. Ukuta unaliwa kutoka ndani huku nje unapendeza.

Mwaka mmoja fundi mmoja mzee wa Mji Mkongwe alinionyesha kichwa cha boriti alichokitoa kwenye nyumba ya kawaida, si jumba hili. Sehemu iliyokuwa chumbani ukiigonga inalia kama chuma. Sehemu iliyokuwa ndani ya ukuta, kiganja kimoja na nusu, ilikuwa na rangi ya kahawa iliyochujwa. Akaniambia nichome kwa kalamu. Kalamu iliingia hadi kwenye kifuniko, bila nguvu. Juu ya boriti ile familia ilikuwa inalala, na aliyekuwa ameiua ni mfereji wa paa ulioziba majani. Mikoko inastahimili mchwa, inastahimili maji ya bahari ikiwa hai, lakini haistahimili kulowana bila kukauka.

Sasa chukua haya yote uyaweke kwenye jumba lenye chuma ndani yake. Chuma kikipata kutu kinavimba mara kadhaa ya unene wake. Kikiwa nje, unakwangua na kupaka rangi. Kikiwa kimelala ndani ya ukuta wa matumbawe wenye chumvi, kinavimba pale na kupasua jiwe, ufa unaingiza maji zaidi, maji yanaongeza kutu. Nyumba ya kawaida ya Mji Mkongwe ina adui mmoja, paa linalovuja. Beit al-Ajaib lilikuwa naye huyo, na mwingine aliyelala mifupani mwake.

Historia nayo ilichangia. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki, na Khalid, mtoto wa Barghash, akaingia ikulu bila idhini ya Waingereza. Wakampa hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27. Saa ilipofika meli zikafungua mizinga, na kabla ya saa nne kulikuwa kumekwisha, vita vifupi kuliko vyote vinavyotajwa kwenye historia. Watu kama 500 upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa, Beit al-Hukm likabomoka, Beit al-Sahel likaharibika vibaya. Beit al-Ajaib lilipata majeraha madogo tu. Mbele yake palikuwa na mnara wa taa ambao uliharibiwa, na kwenye matengenezo ya mwaka 1897 ukajengwa mnara wa saa, safari hii umeunganishwa na uso wa jumba lenyewe. Wengi wanauona mnara ule kama pua ya uso ule, na jumba bila mnara hawalitambui. Mimi siku zote umenitia wasiwasi: mzigo mkubwa wa mawe katikati ya uso ambao pande zote unasimama kwenye nguzo nyembamba za chuma. Vitu viwili vinavyoshuka na kutanuka kwa kasi tofauti havitakiwi kushikana mikono.

Baada ya vita hivyo ndipo ghorofa ya juu ikawa makazi ya sultani, Hamoud bin Mohammed akitangulia, hadi mwaka 1911. Kisha Waingereza wakaligeuza ofisi za serikali, na baada ya Mapinduzi ya 1964 likaendelea na kazi za umma, mwishoni likawa makumbusho ya historia na utamaduni wa Waswahili. Pale kwenye ua wa ndani waliweka mtepe mzima, ile jahazi inayoshonwa kwa kamba bila msumari. Niliuona. Nilicheka peke yangu: chombo kisicho na chuma hata kidogo kimehifadhiwa ndani ya nyumba inayougua chuma. Mwaka 2000 Mji Mkongwe wote uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mwaka 2012 sehemu ya baraza ikaanguka, jumba likafungwa. Tarehe 25 Desemba 2020, matengenezo yakiwa yanaendelea kwa msaada wa Oman, upande mkubwa ukaporomoka pamoja na mnara, na watu wawili wakapoteza maisha.

Kuna jengo jingine ninalolifikiria kila nikizungumzia hili. Mwaka 1882, mwaka mmoja kabla ya Barghash, Kabaka Mutesa I alijenga ikulu yake Kasubi: miti, matete na nyasi, na juu ndani pete 52 kwa ajili ya koo 52 za Buganda. Wafalme wawili waliofanya biashara, wakajenga karibu wakati mmoja, mmoja kwa chuma cha Ulaya na mwingine kwa nyasi za bondeni. Mutesa alifariki 1884 akazikwa humo, na nyumba ikawa masiro, yaani makaburi ya kifalme. Nyasi hazidumu, kila mtu anajua, kwa hiyo tangu siku ya kwanza kulikuwa na watu ambao kazi yao ni kuezeka upya: ukoo wa Ngeye una jukumu hilo na unafundisha vijana wake. Moto wa tarehe 16 Machi 2010 uliiteketeza nyumba kuu, lakini waliojua kuijenga walikuwepo, na mwaka 2023 UNESCO iliyaondoa masiro kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Beit al-Ajaib, kwa kuwa lilionekana la kudumu, halikupewa ukoo. Nani alikuwa na zamu ya kuzibua mifereji yake mwaka 1950, au 1985? Ofisi. Na ofisi inahamishwa.

Swali lako la mwisho: huku kando ya ziwa inawezekana? Matumbawe hatuna, boriti za mikoko usiziguse, miti ile inalindwa na ina kazi yake pwani. Lakini matofali ya kuchoma tunayo, chokaa kipo Tororo na upande wa Kasese, na ziwa letu halina chumvi, kwa hiyo nusu ya maadui niliowataja hawapo. Usijenge ghorofa kwa chokaa kwa mteja mwenye haraka. Anza na lipu. Tafuta nyumba ya zamani ya matofali laini, chukua ukuta mmoja wa nyuma, kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga mkali uliochekechwa, lowesha ukuta kwanza, piga tabaka nyembamba tatu badala ya moja nene, na ufunike kwa magunia mabichi ili jua lisiikaushe kabla haijavuta hewa. Paa litokeze vizuri nje ya ukuta, na kama mteja ana uwezo, baraza.

Ukipata chokaa ambacho hakijazimwa, vaa miwani, na kizimie kwenye pipa la chuma, maji kwanza kisha chokaa kidogo kidogo. La plastiki litajikunja kama sahani ya chapati iliyoachwa juani. Hilo nalo nimelijaribu.